Ulinganisho: umeme wa minara miwili ya simu, porini Sikonge na mwambao wa Uvinza. Dizeli, sola, maji au vipi?

Fundi_Ipole
Wakuu habari za majukumu. Naombeni mawazo, nina wiki moja ya kupeleka mapendekezo ya umeme kwa saiti mbili. Moja iko porini kusini ya Ipole huku Sikonge, nyingine ni mwambao wa ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza kusini kabisa, kijiji ambacho boti inakifikia kirahisi kuliko gari. TANESCO haijafika kote kuwili na sioni laini ikifika karibuni. Kila mnara unakula kilowati 1.2 hivi usiku na mchana, hakuna kiyoyozi, ni makabati ya nje na feni tu. Saivi vyote vinaenda kwa jenereta masaa 24, na ile ya Sikonge nimeipima mwenyewe kwa kijiti kwenye tenki, inakunywa lita moja na nusu kwa saa, yani lita 36 kwa siku, kwa mwezi ni madumu 54 ya lita ishirini yanapita kwenye barabara ile ile ya vumbi na tope.
Kinachoniuma zaidi, mwezi wa tatu mnara wa Sikonge ulilala siku tisa. Gari la mafuta lilikwama mbugani, udongo mweusi ule mnaujua, na kijiji kizima hakuna wa kutuma pesa wala wa kumpigia nesi mgonjwa akizidiwa usiku. Sitaki irudie. Leteni uzoefu.

Mtu_wa_Hesabu_TBR
Kaka tuanze na namba. 1.2 mara 24 ni uniti 29 kwa siku. Tabora jua lipo, kwa mwaka mzima ukichanganya unapata kama masaa matano ya jua kamili kwa siku, ukitoa joto, vumbi na kinachopotelea kwenye nyaya, kila kilowati ya paneli inakuachia uniti 3.7 hivi kwa siku. Gawanya, unapata kilowati 8 kasoro. Ila usiishie hapo, weka paneli 20 za wati 550, hizo ni kilowati 11, maana paneli saivi ndo kitu cha bei nafuu kwenye mfumo mzima na ile ziada ndo inayokubeba siku za mawingu. Eneo unahitaji mita za mraba 52 za paneli tupu, bado njia za kupita, kwaiyo angalia uzio wenu unatosha. Mimi ningeenda na sola tupu, jenereta nikaiondoa kabisa, uhusiano na mafuta unaisha siku hiyo.

Dada_Mitambo_KG
Mtu wa Hesabu namba zako ziko sawa lakini kuondoa jenereta kabisa hapana kaka, sikubaliani. Mimi niko Kigoma, huku mvua zinaanza mwezi wa kumi zinaenda mpaka wa nne, kuna wiki unakaa siku tatu nne jua hulioni vizuri, na paneli kwenye wingu zito zinatoa robo ya uwezo au chini ya hapo. Ukitaka kuvuka siku nne kwa betri peke yake utanunua betri za kujaza chumba.
Halafu mnaongea paneli wakati kinachoangusha saiti za sola ni betri. Nilitumwa kwenye saiti moja iliyofungwa betri za asidi, zile zilizozibwa, mwaka mmoja na nusu tu tangu zifungwe. Nafungua kabati nakutana na harufu ya yai viza, betri nne zimevimba ubavuni mpaka hazichomoki kwenye rafu, tulizitoa kwa mtaimbo. Aliyepiga hesabu alipanga zishuke mpaka asilimia 20 kila usiku ili apunguze idadi, na kabati lilikuwa juani bila hata kibanda. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua taratibu, na kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 zinaikata umri nusu. Lithiamu, zile za chuma na fosfeti, unazishusha mpaka zibaki asilimia 20 bila shida na zinavumilia mizunguko maelfu ya kujaa na kushuka, asidi nyingi zinachoka kwenye elfu moja na kitu. Bei ya kununua inatisha ila piga hesabu ya miaka minane uone umebadilisha asidi mara ngapi, na kila mara ni kukodi boti, wabebaji na fundi.
Kaka Ipole, kwa kila saiti andika kwanza namba moja, ukipigiwa simu mwezi wa tatu unafika pale baada ya siku ngapi. Betri na jenereta vyote vipangwe kutokea hapo.

Fundi_Ipole
Sikonge siku mbili nikibahatika, nimeshawahi siku tano. Uvinza inategemea ziwa, likichafuka boti hazitoki.

Kasulu_Kwetu
Upepo je? Ziwani kule unavuma kweli. Na mawese, Kigoma tumejaaliwa mawese, jenereta si inaweza kunywa mafuta ya mawese?

Mzee_wa_Mitambo
Kasulu, injini ya dizeli kunywa mafuta ya mimea si jambo geni, mwaka 1900 kwenye maonyesho ya Paris kuna injini ilizungushwa kwa mafuta ya karanga. Shida mawese asubuhi ya baridi yanaganda kama samli, inabidi uyapashe moto kabla hayajaingia kwenye pampu, na saiti isiyo na mtu utampa nani kazi hiyo. Tena ni chakula cha watu. Upepo nao usiwape tamaa, spidi ikishuka nusu nguvu inabaki moja ya nane. Singida na Makambako wana upepo wa kuongelea, Tabora miombo imesimama kila upande na upepo wa ziwa unabadilika asubuhi na jioni.
Lakini maji, ndugu zangu, mnayaruka na huko mwambao milima inamwaga vijito moja kwa moja ziwani. Chukua kijito cha lita 20 kwa sekunde kikianguka mita 15: 20 mara 15 mara 9.81, ni wati 2,900 na ushee, mashine ndogo ikikupa asilimia 60 unabaki na wati 1,700. Mnara wako unakula 1,200. Usiku na mchana, na mvua ikizidi ndo maji yanaongezeka, kinyume kabisa na sola. Upime mwezi wa tisa kijito kikiwa chembamba, usidanganywe na maji ya mwezi wa pili. Na ukaulize ofisi ya bonde la maji mapema, na kama chanzo kiko hifadhini Mahale basi na hifadhi, kibali kinachukua muda.

Mama_Asali
Wanangu mimi sio fundi, niko Urambo, mume wangu ni mlinzi wa mnara wa sola mwaka wa nne huu. Naomba niseme tunayoyaona. Mwezi wa nane na wa tisa watu wanachoma nyasi, na moshi wa mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, majivu yanalala kwenye vioo vile mpaka unaandika jina kwa kidole. Mzee anaosha alfajiri kabla havijapata moto, maji ya kisima na kitambaa laini, hakuna aliyemfundisha, aliona mwenyewe taa ya betri inachelewa kuwa kijani. Mwaka juzi nyuki waliingia kwenye kabati la betri kupitia tundu la waya ambalo halikuzibwa. Fundi alikuja, akasogea, akakimbia, mnara ukalala siku mbili mpaka tulipomleta mrina asali usiku na moshi wake. Tundu la kidole gumba tu. Zibeni matundu wanangu.
Na kama mnafunga kilowati 11 mchana umeme unabaki, zahanati yetu friji ya chanjo ni ya gesi na mtungi ukiisha ni safari. Haiwezekani mkavuta waya?

Dada_Mitambo_KG
Mama shikamoo, na ahsante sana, hayo hayaandikwi kwenye makaratasi yetu. Kuhusu zahanati inawezekana kitaalamu, saa tano mpaka saa tisa betri zikishajaa jua linapotea bure. Friji ya chanjo ni mzigo mdogo, ila iwekewe laini yake na swichi inayojikata betri za mnara zikishuka, ili kimoja kisiue kingine, na makubaliano yaandikwe na serikali ya kijiji.
Kaka Ipole usisahau radi, huku kwetu haina utani. Ethi, ule waya wa kupeleka radi ardhini, pima yenyewe, ukivuka ohm 5 ongeza fito, na paneli ziwe na vizuia radi vyake.

Mtu_wa_Hesabu_TBR
Dada nimekuelewa, narudi kwenye jenereta. Iwe ndogo na iwake kwa mzigo kamili. Ikitoa kilowati 7 kwa masaa manne umejaza uniti 28, siku nzima hiyo, kwa lita 10 hivi badala ya 36, maana dizeli lita moja inakupa uniti 3 injini ikibebeshwa vizuri. Betri za kubeba mnara siku moja na nusu, za volti 48 ampea-saa 100 kumi na mbili zinatosha. Hakikisha rektifaya, zile zinazogeuza umeme wa jenereta uingie kwenye betri, zinabeba hiyo kilowati 7 pamoja na lodi.

Fundi_Ipole
Wakuu mmenisaidia mno, shikamoo mama Asali. Sikonge naandika paneli 20, lithiamu 15 ili nipate siku mbili kamili, jenereta ndogo moja yenye tenki la wiki tatu, kibanda juu ya kabati, matundu yote yazibwe, na mlinzi aongezewe posho ya kuosha paneli, hilo nitalisimamia mwenyewe. Zahanati ya pale iko mita 200, naomba kikao na mwenyekiti.
Uvinza naandika mfumo huo huo kwa sasa ila mwezi wa tisa naenda na ndoo, saa na kamba kupima kijito kilicho nyuma ya shule. Mzee wa Mitambo, ndoo ya lita 20 itatosha au nitengeneze kizuizi cha mbao?

Mzee_wa_Mitambo
Kizuizi cha mbao mwanangu, na ukate pengo la pembe tatu katikati. Kwa lita 20 kwa sekunde ndoo itajaa kabla hujabonyeza saa. Njoo inboksi nikupe vipimo vya pengo.