Wakenya wawili waliuawa kweli, The Fifth Estate ikawafanya kachumbari

Wakuu, shikamooni wa kushikamoo, na wengine habari zenu. Nina hasira tangu Jumamosi usiku, na nikiendelea kukaa nazo zitanichachia tumboni. Acha nizimwage hapa.

Najua filamu yenyewe ni ya 2013 na wengi wenu mliitazama mkaisahau. Mimi niliikwepa miaka yote hiyo. Habari za Julian Assange na WikiLeaks, tovuti yake ya kuanika siri za serikali, nilishashiba kwenye magazeti, na kila aliyeitazama aliniambia imepoa kama ugali wa jana. Basi Jumamosi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayesoma chuo hapa Nairobi, akaja kwangu na begi la nguo za kufua na njaa ya wiki nzima. Alipomaliza sahani ya pili akachomeka flashi kwenye runinga. "Mjomba, hii ni ya wale jamaa wa kuvujisha siri." Tukaketi. Saa mbili na dakika nane za maisha yangu zikaenda.

Kwa ambao hawajaiona: mwongozaji ni Bill Condon. Benedict Cumberbatch kavishwa nywele nyeupe akawa Assange, Daniel Brühl akawa Daniel Domscheit-Berg, yule Mjerumani aliyekuwa mkono wa kulia wa Assange hadi walipotengana 2010. Kisa kimechotwa kwenye kitabu cha huyo Mjerumani na kingine cha waandishi wawili wa gazeti la Guardian. Kwa hiyo ukiivua mapambo yote, unabaki na ndoa na talaka ya wanaume wawili wenye kompyuta. Huyu hamthamini mwenzake, yule ana mchumba analalamika anaachwa peke yake. Maandishi ya kompyuta yanapita juu ya nyuso za watu kama mvua. Kuna na ofisi ya kufikirika isiyo na mwisho, madawati mstari kwa mstari na kila dawati kakaa Assange, ili tuelewe kuwa wafanyakazi wote wa kujitolea alikuwa ni yeye mwenyewe. Sawa, tumeelewa. Walipotuonyesha mara ya kwanza tulielewa.

Halafu katikati ya hayo, Nairobi ikatokea. Wanaharakati wawili Wakenya wanapigwa risasi. Assange anaumia. Tunarudi Ulaya.

Basi. Jumlisha dakika zao zote, hazikutoshi kumaliza mayai mawili ya kuchemsha na kachumbari pale barabarani.

Mpwa wangu akageuka. "Hao walikuwa watu wa kweli ama wa kutunga?"

Nikasimamisha filamu. Nikamuuliza, wewe hosteli yako iko wapi? Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia, ile barabara unayovuka kila asubuhi ukienda darasani, State House Road, hapo ndipo walipouawa. Kijana wa miaka 20 anaivuka mara nne kwa siku, na ilibidi Hollywood imwambie, tena kwa kumdokezea tu.

Sasa niwaeleze kilichokatwa, maana hasira yangu imetoka huko.

Oscar Kamau Kingara alikuwa wakili, mwanzilishi wa Oscar Foundation, shirika la kuwapa maskini msaada wa kisheria bure. John Paul Oulu, wenzake walimwita GPO, alifanya naye kazi na zamani aliwahi kuwa kiongozi wa wanafunzi chuoni. Kenya ya 2007 na 2008 ilikuwa na vita na kundi haramu la Mungiki, na sitakuja hapa kuwasafisha Mungiki, walichinja watu. Lakini polisi nao walikuwa wanawachukua vijana usiku, wengine bila ushahidi wowote zaidi ya kijiji walichozaliwa, na maiti zinaokotwa vichakani na mochari. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikaandika ripoti Septemba 2008, Kilio cha Damu, ikakadiria karibu watu 500 wameuawa au kutoweka katika mwaka mmoja. WikiLeaks wakaisambaza dunia nzima.

Ripoti hiyo haikutoka kwenye kompyuta ya mtu Berlin. Ilitoka midomoni mwa watu. Mmoja alikuwa askari, Bernard Kiriinya, aliyekuwa dereva wa kikosi kilichojulikana kama Kwekwe. Alikaa mbele ya maafisa wa tume akasimulia jinsi walivyowabeba washukiwa na kuwaua, kisa baada ya kisa, watu 58. Oktoba 2008 akapigwa risasi hapa hapa Nairobi. Video ya ushahidi wake ilikuja kuonyeshwa hadharani Februari 2009, yeye keshazikwa. Fikirini mwandishi wa filamu aliye na mtu kama huyo mkononi. Dereva wa kikosi cha mauaji anayeamua kusema, anayejua watamjia, na wanamjia. Hiyo si filamu? Ndani ya The Fifth Estate sikumwona hata kivuli chake.

Mwezi huo huo wa Februari akaja Philip Alston, mjumbe maalum wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela. Kingara na Oulu walikuwa miongoni mwa waliompa habari. Tarehe 25 Alston akasema bila kupepesa macho: kamishna wa polisi afutwe, Mwanasheria Mkuu ajiuzulu. Siku nane baadaye, Alhamisi tarehe 5 Machi 2009, msemaji wa serikali akatoka kuwaambia wanahabari kuwa Oscar Foundation ni kivuli cha Mungiki. Mnasoma vizuri? Hiyo ni mchana. Saa kumi na mbili jioni, Mercedes nyeupe ya Kingara imekwama kwenye msongamano wa magari State House Road, wenye bunduki wakaifikia wakawamiminia risasi wote wawili. Jua halijazama, matatu zinapiga honi, wanafunzi wako madirishani. Polisi wakakana kuhusika.

Wanafunzi ndio waliozuia maiti zisichukuliwe na polisi. Waliogopa ushahidi utapotea, wakalivuta gari na miili kuelekea hosteli. Ukazuka mtafaruku, na mwanafunzi mmoja naye akauawa kwa risasi ya polisi. Huyo wa tatu hata sisi wenyewe hatumtaji. Mpaka leo ninapoandika, hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji ya Kingara na Oulu.

Sasa rudini kwenye filamu mniambie kama nina kichaa.

Swali ambalo filamu nzima inajifanya kulibeba ni hili: je, siri zikivuja, kuna watu watakufa? Ni swali la haki kabisa. Marekani ilipiga kelele 2010 kwamba nyaraka za Afghanistan na Iraq na zile barua za balozi zake zitamwaga damu ya watoa habari wake. Filamu ikataka kutuonyesha hiyo hofu kwa sura ya binadamu. Ikamtunga mtu! Daktari wa Libya, mtoa habari wa Marekani ndani ya serikali ya Gaddafi, kaigizwa na Alexander Siddig, anakimbia na familia yake usiku na sisi watazamaji tunauma kucha. Laura Linney ofisini Washington anamhangaikia kama ndugu yake. Ana jina, ana mke, ana watoto, ana safari. Hakuwahi kuishi!

Na mwaka huo huo wa 2013, kwenye kesi ya Chelsea Manning, askari wa Marekani aliyewapa WikiLeaks nyaraka hizo, jenerali Robert Carr aliyeongoza kikosi cha kutathmini madhara yake aliitwa na upande wa mashtaka kutoa ushahidi, na hakuweza kutaja mtu hata mmoja aliyeuawa kwa sababu jina lake lilikuwemo humo. Manning akala miaka 35 vivyo hivyo, mpaka Obama alipompunguzia 2017.

Kwa hiyo Mwafrika wa kubuni, ambaye kama siri zikivuja labda atakufa, kapewa familia na machozi. Waafrika wa kweli, waliokufa kweli kwa sababu walikataa kuficha siri ya dola, wamepewa dakika za kuonyesha kwamba Assange ana moyo. Wamewekwa pembeni ya sahani kama kachumbari. Nyama ni ugomvi wa Berlin.

Halafu msidhani Assange namwacha. Yeye mwenyewe Kenya ilimjengea jina kabla ya watu kumjua. Agosti 2007 WikiLeaks waliitoa ile ripoti ya Kroll, kampuni ya upelelezi, kurasa 110, iliyodai kuwa familia ya rais wa zamani Moi na watu wake walihamishia zaidi ya pauni bilioni moja karibu nchi 30. Serikali ya Kibaki ndiyo iliyoagiza uchunguzi huo, ikaupokea 2004, ikaukalia. Na siku tatu kabla ripoti haijatoka Guardian, Moi alikuwa amesimama akatangaza anamuunga mkono Kibaki kwenye uchaguzi. Nimecheka peke yangu nikiandika hapa. Hiyo nayo ingekuwa filamu, ya vichekesho.

Lakini 2010 Assange alisimama jukwaani Oxford akasema kwamba ripoti ile ilihamisha kura kwa asilimia 10. Asilimia 10 ya nini, mzee? Tume ya Kriegler ilichunguza uchaguzi ule wa Desemba 2007 ikasema matokeo yalivurugwa kiasi kwamba hakuna anayeweza kujua nani alishinda. Sisi tuliokuwa hapa hatujui kura zetu zilikwenda wapi, wewe unajua ripoti yako ilihamisha ngapi? Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia, ilihesabu maiti 1,133 baada ya uchaguzi huo. Hatukuwa na nafasi ya kupima umaarufu wa tovuti.

Haki yake nimpe. Amnesty International, shirika la haki za binadamu, walipompa tuzo London 2009 kwa kuchapisha Kilio cha Damu, aliwataja Oscar Foundation na mashirika mengine ya hapa kuwa ndio wenye kazi. Hapo alikuwa muungwana kuliko waliomtengenezea filamu. Ila kabla filamu haijaanza kupigwa, barua aliyomwandikia Cumberbatch kumsihi asiigize ilikuwa kilio cha kuchafuliwa yeye na shirika lake. WikiLeaks wakaivujisha na skripti yenyewe kabla filamu haijafika sinema. Hapo niliwapigia makofi, siwezi kusema uongo.

Sasa najua mtakuja. "Mkuu hiyo ni filamu, siyo dokumentari, nenda kalale." Filamu lazima ichague, naelewa, saa mbili hazitoshi kila mtu. Lakini aliyechagua ana bajeti ya takriban dola milioni 28, na kwa hizo milioni kaona bora atengeneze madawati hewani kuliko kutuliza kamera barabara moja ya Nairobi kwa dakika kumi. Watu wenyewe hawakwenda kuitazama, haikurudisha hata milioni 10 duniani kote. Hilo sikulisikitikia.

Mwingine atasema, "Kwa nini nyie Wakenya hamkuitengeneza yenu?" Huyo kanichoma, sina jibu zuri. Pesa hakuna, na woga upo. Aliyekuwa kamishna wakati ule na aliyekuwa msemaji wamezeeka salama, wengine wakaendelea na siasa. Atakayeandika skripti hiyo Nairobi itabidi aangalie nyuma akitoka kazini. Hiyo haimpi Hollywood ruhusa ya kupitia msibani kwetu, kuchota machozi kidogo, na kuendelea na safari.

Filamu ilipoisha mpwa wangu hakusema kitu, akaenda kuanua nguo zake. Jumatatu usiku akanitumia ujumbe. Aliwauliza wenzake wa korido yao, kumi na mmoja, kama wanajua nani aliuawa hapo nje 2009. Mmoja tu ndiye aliyejua. Baba yake alikuwa mwanafunzi siku ile, na alikuwa mmoja wa waliosukuma lile gari.

Nimemwomba mpwa aniunganishe na huyo mzee. Na kama humu kuna mwingine aliyekuwa hosteli jioni ile, au kwenye matatu iliyokwama nyuma ya ile Mercedes, aandike hapa chini alichoona. Jina usiweke.