Naombeni ushauri: nimeitwa na mkuu wa kitivo kwa kufundisha ubaguzi wa rangi, nijiuzulu?

BintiPangani:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia chuo kikuu cha umma, Florida. Nilifundisha Jim Crow, zile sheria za kuwatenga Weusi na Weupe, na jinsi mitaa ya Weusi ilivyonyimwa mikopo ya nyumba. Leo nimepata barua: Jumanne saa nne nionane na mkuu wa kitivo na mtu wa rasilimali watu. Niko roho juu. Nijiuzulu kwa heshima au niende? Msinitukane tafadhali.

MzeeWaKanuni:
Usijiuzulu. Jibu kwa maandishi, mistari mitatu: tuhuma ni zipi, zinatokana na kanuni gani ya chuo, kikao ni cha uchunguzi au mazungumzo tu. Wakisema uchunguzi, omba mwakilishi wa chama cha wahadhiri akae nawe. Usirekodi kimyakimya, Florida ni jinai kama wote hawajaridhia. Nenda na daftari, na usiku huohuo watumie muhtasari wa yaliyosemwa. Silabasi iwe mezani. Tamko la 1940 la AAUP, chama cha maprofesa wa Marekani, linakutaka tu usichomeke mada tata zisizohusu somo lako, na Jim Crow ndiyo somo lenyewe.

Pwagu:
Sheria ya Florida HB 7 ya 2022, ile Stop WOKE, iliorodhesha dhana nane za rangi na jinsia ambazo mwalimu haruhusiwi kuzipigia debe. Novemba mwaka huohuo Jaji Mark Walker akaizuia kwa vyuo vikuu vya umma. Mawakili wa jimbo walidai anachosema profesa darasani ni kauli ya serikali. Yaani profesa ni spika tu, maikrofoni anayo gavana!

MamaIbada:
Mwanangu, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Fundisha, pokea mshahara, tuma nyumbani.

KisikiChaMpingo:
Kuna kitu unaficha, dada. Mtu wa rasilimali watu haitwi kwa mhadhara mmoja. Nje ya darasa ulisema nini? Mkataba wako ukoje? Viza je?

BintiPangani:
Haya. Niliandika barua ya wazi kwamba idara yetu inawabagua Weusi kwenye ajira. Nikaituma kwa orodha ya imeili ya idara nzima, wanafunzi wamo, nikasaini kwa cheo changu. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, viza ni ya kazi, H-1B. Lakini niliyoandika yote ni kweli! Na barua ya kujiuzulu nishaiandika, bado kubonyeza tu. Sitaki kuambiwa nilifukuzwa.

KisikiChaMpingo:
Ungeanza na hayo. Kuwa kweli hakutoshi, mahakama itauliza uliandika kama mwananchi au kama mfanyakazi. Marvin Pickering, mwalimu wa Illinois, aliikosoa bodi ya shule gazetini, akashinda Mahakama ya Juu 1968. Kesi ya Garcetti ya 2006 ikasema maneno ya mtumishi wa umma yaliyo sehemu ya majukumu yake ya kazi hayalindwi, suala la ufundishaji na utafiti majaji wakaliacha kiporo. Wewe umetumia imeili ya kazi, orodha ya kazi na cheo cha kazi. Umewarahisishia. Na usifute kitu, imeili za chuo cha umma ni kumbukumbu za umma.

Mkataba wa mwaka: kesi ya Roth, 1972, chuo hakilazimiki kukwambia kwa nini hakikuongezi. Siku hiyohiyo kesi ya Sindermann ikasema kutokuongezwa kusiwe adhabu ya kusema. Halafu kesi ya Mt. Healthy, 1977: wakithibitisha wangekuacha hata bila barua ile, umeshindwa. Kwa hiyo chapisha tathmini zako zote za nyuma, ila majina na alama za wanafunzi usizihamishie imeili binafsi, sheria ya faragha ya wanafunzi, FERPA, itakunasa.

Ngao nyingine ni Title VII, sheria ya kupinga ubaguzi kazini, maana umelalamikia ubaguzi wa ajira. Kwa Florida una siku 300 kufika EEOC, tume ya shirikisho inayopokea malalamiko hayo.

MzeeWaKanuni:
Na hiyo H-1B: mwajiri akikuachisha kabla ya muda, sheria inamtaka alipe gharama ya kawaida ya kukurudisha kwenu. Ukiacha mwenyewe, nauli ni yako. Siku 60 za kubaki nchini unazipata vyovyote vile, au hadi tarehe ya I-94, rekodi ya kuingia yenye mwisho wa ukaaji wako, kama iko karibu zaidi, na ndani yake mwajiri mpya awe ameshapeleka ombi. Vyuo vikuu havipiti kwenye bahati nasibu ya H-1B, kampuni zinapita. Tafuta chuo.

Mtaalamu_wa_Chai:
Chai hii, leteni maandazi. Pickering, Garcetti, Roth na H-1B, zote zimemwangukia mtu mmoja wiki moja? Hili ni swali la mtihani wa sheria, mnamfanyia mtu bure.

Pwagu:
Hata mimi nimeshtuka. Barua yenyewe ya kuitwa iko wapi?

BintiPangani:
Natafsiri aya moja, majina nimeyatoa: "kutumia orodha ya mawasiliano ya idara kwa madhumuni yasiyo ya kikazi." Neno rangi halimo kabisa. Somo langu pia halimo. Mtihani gani huo unaonikosesha usingizi?

KisikiChaMpingo:
Subiri. "Yasiyo ya kikazi"? Basi wameandika wenyewe kwamba hukuwa kazini ulipoyasema, na Garcetti inawaponyoka. Kosa la kutumia orodha bado lipo, wataling'ang'ania hilo. Jumanne usiigusie hoja hii hata kidogo. Mpe wakili wa chama aya hiyo kesho asubuhi, na hiyo barua ya kujiuzulu iondoe kwenye rasimu kabla kidole hakijateleza.

Mtaalamu_wa_Chai:
Sawa. Swali la pili lina alama ngapi?