MJADALA: Uzoefu wa kazi unafundishika, au mpaka ukae na fundi miaka?

Wadau tulijadili hili, maana likiguswa tu mtu anasema "uzoefu haufundishwi" na mada inafia hapo. Mi sikubali.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein, toka miaka ya 1980 yeye na wenzake walikua wanahoji makamanda wa zimamoto wanaamuaje kwenye moto. Ukiwauliza hivyo wanakujibu hatuamui, tunaona tu cha kufanya. Basi wakaanza kuwaambia nisimulie tukio moja gumu, halafu wanalirudia tena na tena, hapo uliona nini, ulitegemea nini, mgeni angekosea wapi. Kamanda mmoja aliamini kabisa ana hisia ya sita, sababu aliwatoa vijana wake ndani ya nyumba na muda mfupi baadae sakafu ikaporomoka. Kuhojiwa, kumbe dalili alikua nazo: wanapiga maji moto haupungui, joto ni kubwa kuliko ilivyotegemewa kwa moto waliouona jikoni, halafu kimya sana, na kumbe moto wenyewe ulikua chini ya sakafu. Hizo dalili unaweza kumfundisha mtu!

Beth Crandall, mtafiti mwenzake Klein, nae alihoji manesi wa watoto njiti, wale wanaoshtukia maambukizi kabla vipimo havijarudi, zikatoka dalili ambazo vitabuni hazikuwepo.

Najua mtaniletea Harry Collins, mwanasosholojia wa Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1974 kwamba wanasayansi waliojaribu kuunda aina fulani ya leza kwa kusoma maandishi tu walishindwa, mpaka uwe na ukaribu na aliyewahi kuiunda. Ni kweli. Ila hiyo inasema maandishi hayatoshi, haisemi mwanafunzi aachwe ahangaike. Mi nimefundishwa kazi na mzee ambae kila swali jibu lake "angalia tu utajua", nimeharibu vitu vingi na bado inaniuma, maana alikua anajua, hakuna tu aliyemuuliza vizuri.

Hoja yangu: mwenye miaka 30 kazini asistaafu kabla hajahojiwa hivi, ndani ya saa za kazi na alipwe, visa vyake viwe mazoezi, mwanafunzi anapewa tukio anaamua kwanza ndo anaonyeshwa mzee aliamuaje na kwanini. Kukaa nae kubaki palepale, sijasema kuondolewe.

Anaepinga aniambie anapinga nini hasa, gharama au njia yenyewe?