Akina mama 13 kutoka Mombasa, meli ya kitalii: tupandie wapi, na bandari zipi zafaa?

BintiKibokoni

Asalaam aleikum, hamjambo wanabaraza. Naulizia kwa niaba ya chama chetu: akina mama 13, wengi wamevuka miaka 55, pasipoti zote za Kenya. Twataka meli ya kitalii, siku saba hadi kumi, Desemba au Januari. Je, meli hizi zinazofunga Kilindini zaweza kutuchukua, au ni lazima turuke kuzifuata? Bandari zipi za Bahari Hindi mtu ataona kitu cha maana kwa siku moja? Na hizi safari zenye mada (upishi, muziki, sasa nasikia hata kupatwa kwa jua) zina tofauti gani na za kawaida, tukiacha bei?

Wawili magoti yanawasumbua. Chakula lazima kiwe halali. Tafadhali msinijibu "inategemea".

Bamvua

Waaleikum salaam dada. Meli nyingi za kitalii zinazoingia Kilindini ni wapita njia: zafika asubuhi, zatoka jioni au kesho yake, na abiria wake wamepandia mbali. Hapa huwezi kupanda isipokuwa ratiba ya kampuni imeandika wazi kwamba Mombasa ni bandari ya kuanzia. Kwa hivyo tia tiketi ya ndege kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kwa karatasi, Durban ndiko rahisi. Tangu 1 Januari 2023 Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi, hadi siku 90 kwa mwaka. Meli huko hufanya kazi majira yao ya joto, kuanzia Novemba, na safari zake nyingi ni fupi, kwenda fukwe za Msumbiji kama Pomene na kisiwa cha Portuguese. Kasoro ni kwamba ni mchanga na maji tu, na mtu wa Nyali hasafiri maili zote hizo kwenda kuona mchanga. Mkitaka miji na masoko, tafuteni ratiba inayoanzia Port Louis (Mauritius) au Mahé (Shelisheli), hata kama nauli ya ndege itauma.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo vikundi vingi vinapokwama. Kwa meli, kila bandari iliyo kwenye ratiba ni mpaka. Karani wa kaunta ya kupandia hakuulizi kama utashuka au utabaki kabini umelala. Anakagua karatasi za bandari zote. Ikikosekana moja, unaachwa gatini na nauli hairudi. Mitego yenyewe:

Réunion ni Ufaransa lakini haimo kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja. Mwenye viza ya Schengen pasipotini bado anahitaji viza inayoitaja Réunion. Ratiba nyingi za Mauritius zinaitia Réunion katikati, na watu huishtukia wamekwisha kulipa.

Dubai ni mtego wa aina nyingine. Meli ikitoka Dubai, ikapitia Muscat au Doha, kisha ikarudi Dubai, umeingia Imarati mara mbili. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Ni vivyo hivyo Mediterania, meli ikitoka Italia ikagusa Tunisia au Uturuki na kurudi: Schengen yenu iwe ya kuingia mara nyingi.

Shelisheli haina viza, ila kila mgeni huomba idhini ya kusafiri mtandaoni kabla ya kufika. Mauritius hamwombi viza mapema. Madagaska ni viza ya kulipia.

Kadi ya homa ya manjano msiichezee. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo Shelisheli, Mauritius na Afrika Kusini zitawadai. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukichomwa Jumatatu ukasafiri Ijumaa, ni sawa na kutochomwa. Ila chanjo hudumu maisha yote. Mwenye kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 asirudie, kwani tangu Julai 2016 nazo zinahesabiwa ni za maisha. Waliopita miaka 60 wamwone daktari kwanza, kwa sababu madhara ya chanjo hiyo ni makubwa zaidi kwa umri huo.

Pasipoti ibaki na miezi 6 baada ya siku ya kurudi, si ya kuondoka.

Sitaha_ya_Tatu

Bamvua amemaliza karatasi, mimi nitasema ya ndani ya meli.

Kwanza hiyo 13. Bei mnayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala kabini moja. Mkiwa 13, mmoja atalipia kitanda kitupu, na mara nyingi ni nauli nzima ya pili. Dawa ni kuchukua kabini tano za wawili na moja ya watatu, ingawa ya watatu kitanda kimoja hushuka kutoka darini kwa ngazi, basi asipewe mwenye goti. Mkitafuta watatu zaidi mfike 16, yaani kabini nane, kampuni nyingi huwahesabu kuwa kikundi na hutoa nafasi moja ya bure, ambayo mwaweza kuigawana.

Juu ya nauli kuna bahshishi inayokatwa yenyewe, kwa kawaida dola 15 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku. Kwa usiku saba ni zaidi ya dola 100 kwa kichwa, kabla hujanunua hata soda. Ndani ya meli hakuna M-Pesa. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa italipia tiketi, lakini kwenye kaunta ya meli wanataka kadi ya kushikika au amana ya taslimu. Kadi ya benki ya kawaida wataizuia kiasi fulani kila siku, na pesa hizo zaweza kukaa siku kadhaa baada ya safari ndipo ziachiwe. Amana ya taslimu ni bora kwa kikundi chenu. Simu ziwekwe hali ya ndege mara tu meli inapong'oa nanga. Zikishika mtandao wa setilaiti wa meli, salio la mwezi mzima litaliwa na ujumbe wa "nimefika salama".

Marufuku kabini: pasi, birika la umeme, mishumaa, na (mtanisamehe) udi na ubani. King'ora cha moshi hakijui tofauti ya moto na chetezo. Soketi si zetu za pini tatu za mraba. Ni za Ulaya na za Kimarekani, beba kibadilishi kisicho na waya mrefu.

Halali: msiamini neno la wakala mdomoni. Peleka ombi la maandishi miezi miwili au mitatu kabla, uulize mambo matatu: je, nyama ina cheti, je, inapikwa kwa vyombo vyake, au ni vyakula vilivyofungwa vinavyopashwa moto? Majibu hutofautiana meli kwa meli, hata za kampuni moja. Wakikwepa swali la pili, hesabuni kuwa mtakula samaki na mboga.

Magoti sasa. Jambo si ngazi za meli, lifti zipo. Jambo ni bandari ambako meli haifungi gati. Hapo inatia nanga nje na abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Boti inapanda na kushuka kwa wimbi, jukwaa la meli halipandi vile vile, na kati yake kuna pengo. Baharia hakushiki kiganja. Anakushika mkono karibu na kiwiko, nawe umshike vivyo hivyo, ili kimoja kikiteleza kingine kishike. Subiri boti ipande, ikifika usawa wa jukwaa ndipo uvuke, hatua moja, bila kusita katikati. Viatu viwe na mkanda nyuma. Ndara zinabaki kwenye pengo. Pindo la buibui likusanywe mkono mmoja kabla ya kufika mlangoni, si ukiwa tayari umenyanyua mguu. Upepo ukizidi, nahodha hufuta boti zote na bandari hiyo imekwenda. Mtarudishiwa ada ya bandari tu.

Kwa hiyo kwenye ratiba angalia kama pameandikwa gati au nanga. Victoria (mji wa Mahé) na Port Louis meli hufunga gati. Praslin na La Digue (visiwa vya Shelisheli) na Nosy Be (Madagaska) ni nanga na boti.

BintiKibokoni

Allah awajaze heri. Hilo la udi limeshazua mjadala hapa nyumbani. Swali dogo: kibla baharini twaijuaje, na saa tunafuata ya nani?

Sitaha_ya_Tatu

Runinga ya kabini huwa na stesheni inayoonyesha ramani, mahali meli ilipo na inakoelekea. Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja, ndiyo maana hapa kibla ni kaskazini moja kwa moja. Mkifika Shelisheli mmesogea mashariki, kwa hivyo kibla kinageukia kaskazini magharibi. Dira ya simu ndani ya kabini hudanganya, chuma kimeizunguka. Ipimeni sitahani, kisha mlinganishe na ramani ya runinga. Na meli ikigeuka, nanyi geukeni.

Saa: Zanzibar na Nosy Be ni kama kwetu. Shelisheli, Mauritius na Réunion wako mbele saa moja. Durban na Msumbiji wako nyuma saa moja. Meli haibadilishi saa kila bandari. Nahodha ndiye anayeamua, na hutangazwa kwenye karatasi ya kila siku. Simu yenu, ikishika mnara wa nchi kavu, itajibadilisha yenyewe. Hapo ndipo watu wanaachwa. Vaeni saa ya mkono iliyowekwa saa ya meli, simu muiachie picha. Mwisho wa kurudi kwa kawaida ni nusu saa kabla ya kuondoka, wakati mwingine saa nzima. Karatasi ikisema 16:30, tangazeni kikundini "saa kumi na nusu", lakini kwa dereva wa Victoria semeni "four thirty". Mkimtafsiria saa yetu neno kwa neno atawafuata saa nne u nusu usiku.

Ukichelewa kwenye matembezi ya meli, meli hungoja au hukufikisha bandari inayofuata kwa gharama yake. Ukichelewa kwa teksi yako, imekwenda. Karatasi ya siku ina namba ya wakala wa bandari. Pigeni picha kila asubuhi.

MwanaFalaki

Najibu la mada. Ziko aina mbili na zisichanganywe. Ya kwanza, mwandaaji amekodi meli nzima: ratiba, muziki, hata saa za chakula ni zake, na mnanunua kwake, kwa masharti yake ya kughairi, ambayo huwa magumu. Ya pili, kikundi kimechukua kabini kadhaa ndani ya safari ya kawaida na kukodi ukumbi mmoja. Hapo nunueni kabini kupitia mwandaaji huyo huyo. Mkinunua kwa bei nafuu kwingine, mko melini lakini mlango wa darasa la upishi umefungwa. Muulizeni swali moja: meli nzima au sehemu?

Kupatwa kwa jua ndiyo mada pekee ambayo meli inashinda nchi kavu, kwa sababu nahodha anaweza kuyakimbia mawingu. Kubwa linalokuja ni la 2 Agosti 2027: kivuli kinapita Mlango wa Gibraltar, Afrika Kaskazini, Luxor, kisha Jeddah na Makka. Karibu na Luxor giza litakaa dakika 6 na sekunde 23, muda mrefu mno kwa jambo hili. Meli za Mediterania zitajipanga upande wa magharibi, ambako giza ni fupi kuliko Luxor, basi muulize dakika ngapi hasa, si "tutaona kupatwa". Msitegemee Bahari ya Shamu: tangu mashambulizi ya mwisho wa 2023, kampuni nyingi zimeikwepa. Kamera yenye lenzi ndefu juu ya stendi haifai sitahani, mtikisiko wa injini hupanda kwenye miguu ya stendi. Shika mkononi, picha ya haraka. Miwani iwe na alama ISO 12312-2, ivuliwe wakati jua limefunikwa lote tu.

Kwa Desemba na Januari hilo halipo. Mada ya upishi ndiyo ningewachagulia, mradi suala la halali limejibiwa.

Bamvua

Nilisahau hali ya hewa. Desemba na Januari kwetu ni kaskazi, bahari tulivu. Lakini Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga kwa Madagaska, Mauritius, Réunion na Msumbiji, na nahodha akiruka bandari hamna pa kulalamika. Chukueni bima inayotaja kuruka bandari na kukatizwa safari, na kabini za chini, katikati ya meli. Mbele na juu ndiko kunakoyumba. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla, si baada ya kuanza kutapika.

Bandari: Victoria yatosha siku moja kwa miguu, sokoni ni karibu, na mnara wa saa pale njia panda ulijengwa 1903. Port Louis, nendeni Aapravasi Ghat, walikoshukia vibarua wa mkataba kutoka Bara Hindi. Kokodimeri (ile nazi kubwa pacha) ya Praslin msinunue bila stika na kibali cha kuitoa nchini, forodha wataichukua. Zanzibar ikiwa kwenye ratiba, shukeni wenyewe. Kulipa dola mtembezwe Forodhani na Darajani ni mzaha.

Ras_Serani

Kabla hamjalipa, mkitaka kuiona meli yenyewe kwa karibu: kupanda kutembea ndani haiwezekani bila meli kuomba ruhusa mapema, sheria za usalama wa bandari hazina huruma. Lakini mlango wa Kilindini ni mwembamba na meli zote hupita mbele ya bustani ya ufukweni ya Mama Ngina. Kaeni pale siku meli inaingia, mhesabu sitaha kutoka majini kwenda juu, na mtajua kabini ya chini katikati iko wapi.