Ushauri: jasusi wa riwaya yangu kapendwa na karani wa adui, karani agundue lini?

Mwandani: Wakuu, habari za wakati huu. Naandika riwaya ya mapenzi na ujasusi, Rufiji, 1915. Kisa cha Königsberg mnakijua: manowari ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja Septemba 1914, kisha ikajichimbia kwenye mikoko ya delta. Waingereza wakaziba midomo ya mto, ila meli zao kubwa hazikuweza kuingia, maji hayatoshi.

Mwanaidi wangu ni binti wa nahodha wa Mafia. Mchana anawauzia Wajerumani ng'onda, usiku anapima kina kwa pondo na kupeleka habari kwa Waingereza. Salim ni karani wa Wajerumani, kasoma shule ya serikali Tanga, anaandika kila anayeingia na kutoka. Wanapendana. Nimekwama hapa: Salim akigundua mapema hadithi imekwisha, akichelewa anaonekana zuzu.

MzeeBamvua: Kabla ya mapenzi, mkuu, tazama hili. Mafia ilichukuliwa na Waingereza Januari 1915, na ndege zao za kuichungulia Königsberg ziliruka kutoka huko. Mtu wa Mafia akionekana kambini kwa Wajerumani mwezi Mei, anafungwa kamba hapo hapo. Halafu huyo binti asipime maji siku yoyote tu. Chombo kinachopita wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, maji mafu yakiingia, yale yasiyojaa sana, kinakaa kwenye tope. Akipeleka kina bila kutaja umri wa mwezi angani, kapeleka takataka.

BiUkurasa: Mwandani, hilo la Mafia usilifute! Ndilo penzi lenyewe. Salim anamwuliza, "Kwenu wapi?" Binti anasema Kilwa. Lafudhi inamkana. Kalamu inasimama, wino unaanza kutuna kwenye ncha, askari yuko mlangoni anasubiri. Salim anaandika: Kilwa. Kwa hiyo Salim kajua tangu siku ya kwanza. Asiyejua ni Mwanaidi, kwamba anajulikana.

Mwandani: Dada umenimaliza. Ila kwa nini amfiche mtu waliyeonana dakika mbili?

BiUkurasa: Si kwa mapenzi. Mfanye kijana wa Umatumbi, aliyeona vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani akiwa mtoto, akazikiwa watu wake. Hasira imekaa chini ya kanzu safi ya karani. Penzi lije baadaye, limchanganye, asijue tena kama anamlinda mwanamke au analipa kisasi.

Kinyozi_wa_Hadithi: Mimi sikubaliani na binti kuishinda Königsberg peke yake. Vitabuni sifa ya kuipeleleza ile delta anapewa Pretorius, mwindaji wa tembo. Mweke Mwanaidi kati ya watu wa Pretorius, hata kama jina lake halikuandikwa. Inauma zaidi hivyo.

MzeeBamvua: Na msomaji anajua meli itazama, usipoteze kurasa kumtia wasiwasi na hilo. Waingereza walileta Severn na Mersey, meli zisizohitaji maji mengi. Tarehe 6 Julai waliingia, wakapiga, wakashindwa. Walirudi tarehe 11 wakaimaliza. Hizo siku katikati ndiyo riwaya yako. Wajerumani sasa wanauliza nani kawaonyesha adui njia, na daftari la Salim liko mezani, limefunguliwa.

Kinyozi_wa_Hadithi: Hapo sawa. Tena afisa amwambie Salim mwenyewe alipitie, jina kwa jina.

Mwandani: Jamani, leo silali. La mwisho: mizinga 10 ya Königsberg iliopolewa, ikaenda kupigana nchi kavu hadi miaka iliyofuata. Salim aende nayo, au abaki na Mwanaidi?

BiUkurasa: Aende. Karani akitoroka wiki ile, kitu cha kwanza kitakachosomwa ni daftari lake.

Mwandani: Na Mwanaidi ajue kwamba ndiyo sababu?

BiUkurasa: Aijue Salim ameshaondoka.