MREJESHO: Pikipiki iliyokuwa inasusa stata, tatizo limepatikana

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu pikipiki yangu ya cc 150: ukibonyeza stata mara inawaka vizuri, mara inalia "tik" tu, lakini ukipiga kiki inawaka. Wengi mlisema betri. Ahsanteni wote, hasa aliyenishauri nipime kabla ya kununua.

Betri haikuwa na shida. Ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, na nilipobonyeza stata ikatoa ule mlio, haikushuka karibu hata kidogo. Hapo fundi wa huku Mwanga, Kigoma, akanieleza jambo ambalo nataka kila mwenye boda alijue: betri mbovu ingeshuka sana. Isiposhuka na stata haizunguki, maana yake umeme haupiti, njia imeziba mahali.

Akaweka waya mmoja wa mita (kile kipimo cha volti) kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye bodi ya injini, nikabonyeza tena. Ikasoma zaidi ya volti 4! Inatakiwa isifike hata nusu volti; ikizidi hapo, umeme unakwama kwenye njia ya hasi kati ya betri na injini. Tukafungua bolti ya waya wa hasi pale kwenye injini: kutu tupu, na bolti imelegea. Ndiyo maana ilikuwa inabahatisha, mtikisiko wa barabara ukiigusa inashika, ukiigusa tena inaachia.

Msasa, kukaza, grisi kidogo kwa juu. Rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye stata) hatukuigusa. Tangu hapo nimepiga ruti za Ujiji na Kibirizi, mvua na jua, stata inaitika kila nikibonyeza.