Ushauri: Nimependa Volvo XC90 kwa usalama wa familia, lakini wenye uzoefu wananitisha

Baba Wawili (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Kigoma mjini. Nimekuwa msomaji wa muda mrefu asiyeandika, lakini jambo hili limeninyima usingizi kwa wiki ya pili sasa.

Nina mke na watoto wawili, mkubwa ana miaka sita na mdogo ana mwaka na nusu. Kazi yangu hunipeleka Tabora mara mbili kwa mwezi kupitia Uvinza na Kaliua, na mara nyingi familia huwa nayo, kwa sababu wakwe zangu wanaishi Ipuli. Mwaka jana tulimzika shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, hakufunga mkanda, na gari lilipobingirika ni yeye peke yake aliyerushwa nje. Tangu siku hiyo siingii kwenye gari lolote bila kuhesabu mikanda.

Kwa hiyo nilipoona Volvo XC90 ya mwaka 2005, yenye viti saba, ikiuzwa hapa hapa mjini kwa shilingi milioni 13, niliona dua imejibiwa. Nimesoma sana kuhusu kampuni hii ya Sweden. Ndiyo iliyomwajiri mhandisi Nils Bohlin, ambaye kabla ya hapo alikuwa akibuni viti vya kumrusha rubani nje ya ndege, na mwaka 1959 magari yake yakawa ya kwanza kuuzwa na mkanda wake unaopita begani na kiunoni, kisha kampuni ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie bila malipo. XC90 yenyewe ilizinduliwa mwaka 2002 ikiwa na kihisi kinachotambua gari linapoelekea kupinduka, na paa lake limeimarishwa kwa chuma chenye boroni. Kiti cha katikati cha safu ya pili kina mto unaoinuka ili mtoto akae juu na mkanda umkae begani badala ya shingoni.

Lakini kila ninayemweleza hapa mtaani ananicheka, akisema gari hili litanimaliza kwa spea kabla halijaniokoa kwenye ajali. Je, ni kweli magari haya ni mabovu kiasi hicho, au ni mazoea ya watu tu?

Mzee wa Kibirizi

Kijana wangu, nilipata kumiliki gari moja la Ulaya, ambalo jina lake nalihifadhi kwa heshima ya aliyeniuzia, maana naye ni marehemu. Lilikuwa tamu barabarani kama boti ziwani siku isiyo na upepo. Siku moja likazimika kabla ya kufika daraja la Malagarasi, nami nikalala hapo usiku mbili nikila mihogo ya kuchoma na kuwahesabu wenye Probox waliokuwa wakinipita na kunipungia mkono. Kifaa kilichokuwa kimekufa kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, nacho kilitoka Dar es Salaam kwa basi siku ya nne. Nunua Toyota, ulale.

Fundi wa Gungu

Mzee wangu, shikamoo. Simulizi ni nzuri, lakini haijajibu swali. Nami siwezi kulijibu mpaka mwenye uzi aseme gari lina injini gani, kwa sababu XC90 za mwaka 2005 si gari moja.

Ipo yenye silinda tano, wanayoiita 2.5T, ambayo ukiizingatia mkanda wake wa taimingi, ule wa kwenye injini, na oili ni injini ya kuaminika. Ipo T6, yenye silinda sita na tabo (turbo) mbili za kusukuma hewa kwenye injini, ambayo ilifungwa gia boksi ya hatua nne iliyotoka kwa General Motors wa Marekani, na hiyo gia boksi ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya wamiliki unayoyasoma mtandaoni, kwa kuwa inabeba nguvu kubwa ndani ya gari zito na huchoka mapema. Kisha ipo ya V8, ambayo injini yake ilitengenezwa na Yamaha. Anayesema Volvo ni mbovu na anayesema Volvo ni imara huenda wote wanasema kweli, kila mmoja na gari lake.

Jambo la pili ni kompyuta. Gari hili lina visanduku vingi vya umeme vinavyozungumza, na ukibadilisha baadhi yake huwezi kuchomeka tu na kuondoka, ni lazima viingizwe programu kupitia mfumo wa kampuni unaoitwa VIDA. Hapa Kigoma sijamwona fundi mwenye nao. Ni injini gani?

Baba Wawili

Fundi, nashukuru. Gari linawaka kwa ufunguo wa kwanza, halitoi moshi, na viti vyake vya ngozi ni kama vipya. Nilikuwa naomba tu kujua kwa ujumla.

Mama Asali, Tabora

Baba Wawili, mtu akiulizwa injini akajibu viti vya ngozi, mimi huelewa. Nami nina swali rahisi kuliko la Fundi: umekwisha kutoa fedha au bado?

Mwalimu Mstaafu

Wakati tunasubiri jibu, niwakumbushe kwamba uimara wa gari huanza na tabia ya mwenye gari. Mwalimu mwenzangu wa sayansi huko New York, Irv Gordon, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966 na akaiendesha hadi ikapita maili milioni tatu mwaka 2013, yaani zaidi ya kilomita milioni 4.8, mtu mmoja na gari moja. Alifuata kitabu cha matunzo kama sisi tulivyofuata andalio la somo. Vijana wa leo hubadilisha oili pale taa inapowaka, kisha humlaumu Mswidi.

Dereva wa Masafa

Mwalimu amenena. Mimi nimeendesha lori la Volvo kati ya Dar na Kigoma kwa miaka kumi na sina la kulalamika. Nunua.

Fundi wa Gungu

Ndugu Dereva, lori lako na gari analolitaka vina jina moja tu. Kampuni ya malori iliuza upande wa magari madogo kwa Ford mwaka 1999, na Ford naye akawauzia Geely wa China mwaka 2010. XC90 ya mwaka 2005 ni ya zama za Ford. Kusifia gari hilo kwa sababu ya lori ni sawa na kumsifia mtoto kwa sababu ana jina la babu yake.

Dereva wa Masafa

Basi angalau jina ni zuri.

Baba Wawili

Nimeona niseme wazi. Injini ni T6. Na ndiyo, Mama Asali, nimekwisha kutoa milioni 7, niliyokopa kwenye SACCOS ya kazini, na iliyobaki natakiwa kuimalizia Jumamosi. Mke wangu anajua natafuta gari, ila hajui kuhusu mkopo.

Naomba msinihukumu haraka. Gari la Kijapani la viti saba lenye umri kama huo linauzwa zaidi ya fedha hiyo, na sitapata ndani yake mto wa mtoto wala kinga ya kupinduka. Kuhusu gia boksi, muuzaji ameniambia ilibadilishwa, na nilipoendesha kutoka Mwanga hadi Mwandiga na kurudi haikunishtua hata mara moja. Kuhusu spea, Dar si mbali siku hizi. Mnaponiambia ninunue Toyota mnazungumzia shida ya kukwama njiani, lakini mimi shida yangu ni kufa njiani. Nikikwama nitampigia mtu simu.

Mama Asali, Tabora

Hoja yako ya mwisho ni nzito, na siitanii. Lakini huo mto unaousifia haumfai mtoto wa mwaka na nusu. Umewekwa kwa mtoto aliyekwisha kukua, wa miaka kama minne na kuendelea. Mdogo wako anahitaji kiti chake mwenyewe kinachotazama nyuma ya gari, kwa kuwa shingo yake bado ni laini na kichwa ni kizito, na hao hao Waswidi ndio waliokuwa wakikijaribu kiti cha namna hiyo tangu mwaka 1964. Kiti hicho unaweza kukifunga hata kwenye gari la kawaida lenye mkanda mzima. Mkopo wa siri sina la kusema juu yake, kwa sababu nikianza sitanyamaza.

Mchunguzi wa Isevya

Samahani kwa kuwaharibia mazungumzo, lakini mimi siamini kwamba mtu huyu yupo. Soma tena ujumbe wa kwanza. Mtu aliyekosa usingizi wiki mbili haandiki habari za chuma chenye boroni. Ametupa mwaka wa gari, idadi ya viti, bei, mji lilipo na kila sifa iliyomo kwenye karatasi ya matangazo, lakini hajasema limetembea kilomita ngapi wala namba yake ya usajili ni ya herufi gani. Baada ya hapo akaongeza msiba, na sisi tukalainika. Hii ni lugha ya dalali, na kesho utaona mtu wa pili akiomba namba ya simu.

Na kama usalama wa Volvo ni dini, mbona mwaka 2020 waliita magari zaidi ya milioni mbili duniani yarudishwe kukaguliwa kwa sababu ya waya wa mkanda wa kiti cha mbele, mkanda ule ule wanaojivunia?

Fundi wa Gungu

Waliyaita ni kweli, kwa kuwa waya wa chuma unaoshikilia mkanda ungeweza kuchoka taratibu kwa miaka, na XC90 haikuwamo kwenye orodha. Mimi naona kampuni inayoita magari yake ya mwaka 2006 ili kukagua waya inastahili angalau nusu ya sifa.

Mzee wa Kibirizi

Tena kama huyu ni dalali, basi ni dalali mbaya kuliko wote niliopata kuwaona, maana ameleta gari lake sokoni akamwachia fundi alichambue mbele ya wateja. Lakini Mchunguzi ana haki ya kuuliza kilomita.

Baba Wawili

Nimekasirika, nimetoka nje, nimerudi. Kumtaja marehemu kwamba ni chambo cha kuuzia gari ni jambo ambalo nisingelifanya hata kwa milioni 100.

Kilomita zinasomeka 141,000. Namba ni ya D. Na kwa kuwa mmeniita mwongo, nitasema kitu ambacho hakuna dalali angekisema, na ambacho nilikuwa nimejizuia kukifikiria. Kifuniko cha katikati ya usukani kina weusi tofauti kidogo na sehemu nyingine. Mkanda wa dereva ukiufungua haurudi wenyewe, unabaki umening'inia mpaka uusukume kwa mkono. Nilimuuliza muuzaji, akasema ni vumbi la barabara ya Kasulu.

Fundi wa Gungu

Hapo ndipo palipokuwa na swali lako tangu mwanzo, ndugu yangu.

Mkanda wa kisasa una kifaa kidogo chenye baruti, ambacho gari likigongwa huuvuta ukukaze kitini kabla hujaenda mbele. Hufanya kazi hiyo mara moja tu, kisha mkanda mara nyingi hukwama au hulegea. Eabegi, ule mfuko wa hewa uliofichwa nyuma ya kifuniko cha usukani, nayo hufumuka mara moja tu. Mkanda usiorudi pamoja na kifuniko cha rangi tofauti vinanifanya niamini kwamba gari hilo limekwisha kumwokoa mtu mwingine, na likishamwokoa, vilivyotumika vilipaswa kununuliwa upya.

Kesho washa gari ukitazama dashibodi. Ukifungua ufunguo, taa ya eabegi lazima iwake kwa sekunde chache kisha izime. Ikibaki imewaka kuna kosa, na isipowaka kabisa kuna mtu aliyeinyamazisha. Usiguse chochote kwenye usukani mwenyewe. Nipo Gungu, karibu na kituo cha daladala, nitakuja na mashine ya kusoma makosa bila malipo.

Mchunguzi wa Isevya

Naondoa neno dalali. Yaliyobaki bado nayasubiri.

Baba Wawili (baada ya siku mbili)

Fundi alikuja, Mungu ambariki. Taa haikuwaka kabisa. Alitenganisha betri, akasubiri, kisha akafungua usukani: kifuniko kimebandikwa kwa gundi na nyuma yake pana uwazi mtupu. Upande wa abiria ni hivyo hivyo. Gia boksi nayo ina kosa lililohifadhiwa, ingawa barabarani haijionyeshi bado.

Muuzaji anasema naye alilinunua hivyo hivyo, na atanirudishia milioni 7 akipata mteja mwingine. Vinginevyo yuko tayari kupunguza milioni 2 nizitumie kurekebisha. Najua mtakachosema. Lakini fedha zangu zimo mle, na paa na milango ya gari ile bado ni ile ile iliyotoka kiwandani. Naomba anayejua bei ya eabegi mbili na mikanda ya mbele kutoka Dar anisaidie kabla ya Jumamosi.

Fundi wa Gungu

Usinunue eabegi ya gari lililokatwa bila kujua historia yake. Na ukipata mpya, tunarudi kwenye VIDA. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na karatasi ya malipo kabla ya kwenda dukani.

Mama Asali, Tabora

Mke wako ameshajua?

Baba Wawili

Amejua leo asubuhi. Nilitegemea aulize habari za mkopo. Aliuliza kama mkanda wa nyuma wa katikati unafunga, na mimi sikuwa nimeujaribu.